Kabla ya Kahawa, Mkanda Hauna Kasoro

Jumapili, 5 Januari

Mikanda tena leo. Ngozi imekubali, msharasi wa kutobolea unapita bila kelele. Vidole vinauma, lakini maumivu ya kazi hayanisumbui. Kinachonisumbua ni simu.

Karakana hii ameiacha baba. Yeye alikuwa akishona mikanda ya majambia, mimi nimehamia kwenye bunduki. Mikanda ya begani, mifuko ya kuhifadhia, mito midogo ya kitako. Bunduki zenyewe ni za mababu, tupu, za kuchezea ngoma ya razha harusini na siku ya Idi. Nyumba nyingi za zamani hapa Ibra zina moja ukutani.

Mdogo wangu Nasir ndiye anayewapigia wateja. Anawauliza mkanda ukoje. Wote: zein, mzuri, tamam, Mungu awalipe. Hakuna aliyelalamika. Na hakuna aliyerudi kununua wa pili. Sielewi. Chakula kikiwa kizuri watu huomba tena.

Jumatano, 8 Januari

Asubuhi soko la wanawake. Mama alikaa na wenzake kwenye mkeka, mimi nikanunua uzi. Nimerudi na hasira.

Nasir kaniambia garini. Amepata kazi ya mshahara Samail, ofisini, kwenye kiyoyozi. Wanamsubiri awajibu. Anasema kikundi cha razha cha Jalan Bani Bu Ali kisipoagiza mikanda mingine kwa harusi ya mwezi ujao, tufunge karakana. Bila yeye siwezi. Nani ataingia kwenye majlis za wanaume kuuza? Analijua hilo. Ndiyo maana hakunitazama usoni.

Nimemchukia mpaka adhuhuri. Halafu nikampakulia wali.

Ijumaa, 10 Januari

Nimewabana wateja. Nilimwambia Nasir asiulize mkanda ukoje, aulize kiongezwe nini. Bwana mmoja wa Nizwa, alipoona hapati kuponyoka, akasema labda bizimu ingekuwa kubwa kidogo. Ya kung'aa. Mwingine wa Sur akasema naam, ya kung'aa.

Haya. Nimeweka bizimu za shaba, pana, nzito. Rangi yangu ile ile ya maganda ya komamanga kutoka Jabal Akhdar nimeikoleza zaidi, kahawia ya kupendeza macho. Mpaka nikajisifu mwenyewe. Nasir ameshapeleka mkanda wa mfano Jalan, kwa Mzee Hamed, mkuu wa kikundi. Siku ya harusi yake mzee huyu alivaa mkanda wa jambia alioshona baba. Akikubali yeye, wamekubali wote.

Jumanne, 14 Januari

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mzee Hamed. Mrefu. Kaniombea mimi, kamwombea marehemu baba, kasifu shaba, kasifu uzi, kasifu hata karatasi iliyofungiwa. Kuagiza, hakuagiza.

Nikamsikilizisha mama. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Zuwena, umezaliwa Omani hii hii na hujui? Huyo kakupa ulum tu, habari za salamu. Mtu akiulizwa ulum husema zein, hata kama paa linaungua. Habari yenyewe huja baada ya kahawa. We kahawa umempa?"

Ni kweli, na nimeiona maisha yangu yote. Mgeni anaingia, anaulizwa habari, anasema hakuna ila kheri. Anakula tende, anakunywa kahawa, anatikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Hapo ndipo anapokwambia nani kafa. Sisi tunampigia mtu simu, tunamuuliza ulum, anajibu zein, tunakata. Mwaka mzima. Halafu tunakaa na Nasir tunasema wateja wameridhika. Wajinga wawili.

Ijumaa tunakwenda Jalan. Mama anakuja, na dele lake la kahawa.

Ijumaa, 17 Januari

Nimechoka lakini lazima niandike.

Tumefika Jalan baada ya sala. Nasir akaingia kwenye majlis ya wanaume. Mimi na mama tukaenda ndani kwa Bi Thuweba, mke wa Mzee Hamed. Mtu wa Wete, Kiswahili chake kitamu cha kale. Shikamoo, marahaba, za Ibra, nzuri, za huku, nzuri. Mikanda je? Mizuri sana mwanangu, haina mfano.

Tende. Kahawa. Halwa. Kahawa tena. Mama alikuwa anazungumzia karafuu kama mtu aliyezichuma jana. Mimi naungua roho. Mwisho Bi Thuweba akatikisa kikombe, akakiweka chini, akanitazama.

"Sasa nisikilize. Mficha uchi hazai."

Akafungua sanduku lake la nguo. Mikanda yangu hukaa humo. Hukunjwa vizuri, safi, ikapakwa marashi. Wa Mzee Hamed na wa wenzake wote. Hawaivai. Huitoa wakisikia Nasir yuko njiani, wakaitia kwenye bunduki, wakakaa nayo barazani mpaka aondoke. Leo asubuhi pia wameitoa. Uliobaki sandukuni ni wa jirani mmoja tu aliyesafiri, na ule wa mfano wenye shaba, ambao hakuna aliyethubutu kuugusa.

Halafu akatoa kanzu nyeupe ya mumewe. Begani mstari wa kahawia, upana wa mkanda wangu. Jasho limetoa rangi. Kaifua, kaianika, kaifua tena. Rangi ya komamanga haikutoka. Hiyo kanzu ilikuwa ya Idi.

Na bado. Kwenye harusi moja huko Sur, Mzee Hamed aliirusha bunduki juu, kama wanavyorusha wachezaji wa razha, ili aidake inaposhuka. Mkanda ukafanya kitanzi wazi hewani. Ulipoteremka, bizimu ikampiga kwenye nyusi, mkono wake ukanasa kwenye kitanzi, bunduki ya baba yake ikaanguka chini mbele ya watu. Kitako kimepasuka. Mzee ana kovu. Nasir alimwona nalo, akaambiwa ni mlango.

Nikauliza kwa nini hakusema. Bi Thuweba akasema: "Alisema binti wa fulani tusimvunje moyo. Baba yake alimfunga jambia siku ya harusi."

Nimelia pale pale, mbele ya halwa. Aibu, na hasira pia. Mimi nilikuwa naongeza shaba kwenye kitu kilichompiga mtu usoni.

Lakini la ajabu, tulipotoka nilikuwa mwepesi. Hata njaa nilihisi. Mwaka mzima nilikuwa najiuliza kama sina mkono wa baba. Kumbe mkono upo. Nilikuwa sijaambiwa ugonjwa tu.

Nasir akaingia garini anatabasamu. Wamesema zein, dada! Wote wamekaa na mikanda! Nikamweleza yote. Aliendesha mpaka tulipoupita mji wa Al Kamil. Halafu akaanza kucheka, mama akacheka, na mimi nikacheka. Watu wazima wamekaa barazani na bunduki mabegani wanakunywa kahawa, ili wasitukosee adabu.

Jumatatu, 20 Januari

Shaba yote nimeing'oa. Hakuna chuma tena, hakuna bizimu. Mwisho wa chini wa mkanda una kifundo cha ngozi kinachopita kwenye tundu. Mchezaji anakifungua, mkanda anauzungusha kwenye kitako, anaipenyeza ncha yake chini ya mzunguko. Hakuna kitanzi cha kunasa mkono. Akimaliza kucheza anaufungua, anauvaa begani kama kawaida.

Upande wa ndani sitii rangi. Ngozi ya rangi yake yenyewe, nimeipaka nta tu.

Nimechukua kanzu ya baba ya zamani, nikaitia wanga na pasi kama ya Idi. Nikaloweka mkanda kwenye maji ya chumvi, nikausugua begani mwa kanzu mpaka mkono ukauma. Nyeupe. Nikasugua tena kwa chuki. Nyeupe. Mama kapita, kaniona napigana na kanzu ya marehemu, kasema astaghfirullah, kaendelea na safari yake.

Jumatano, 22 Januari

Bi Thuweba kaja soko la wanawake na shemeji zake. Nilimtumia salamu kupitia kwa mama, na mama akamwita kwa kisingizio cha vitenge. Nimetandika mkeka, nimepika kahawa mwenyewe. Nimeuweka mkanda mpya mbele yao, nikafunga mdomo. Hili la kufunga mdomo ni gumu kuliko kushona.

Baada ya kahawa yakaanza kumiminika. Kifundo kinabana, vidole vya mzee vitakifungua saa ngapi, harusi itakwisha. Tundu litachanika. Nta ina harufu ya mbuzi. Shemeji mmoja akasema mkanda utateleza kwenye kanzu yenye wanga, mumewe hutembea kajipinda bega moja kama aliyebeba ndoo. Wakacheka wote. Mwingine akauliza hivi mikanda yangu naijaribia kwa nani. Nikasema Nasir. Anavaa nini? Fulana. Wakacheka zaidi.

Asifuye mvua imemnyea. Hawa mvua imewanyea, kwa sababu wao ndio wanaofua.

Nimerudi nyumbani na furaha ya kijinga. Mtu anayetukanwa kazi yake na anafurahi, huyo apimwe.

Jumatatu, 27 Januari

Kifundo kirefu zaidi, tundu nimelizungushia mshono. Begani nimegeuza ngozi, upande wa nyama ndio uguse kanzu, ukwaruze kidogo. Nta nimechanganya na mafuta ya waridi ya Jabal Akhdar, kidogo mno, isije ikawa harusi ya mkanda.

Nimemvalisha Nasir kanzu ya wanga, nimemtuma azunguke mtaa na bunduki ya babu. Majirani wamemuuliza anakwenda kuoa wapi. Mkanda haukuteleza.

Samail wamempigia tena. Alitoka nje kuzungumza nao. Sikusikia. Sikuuliza.

Jumatano, 29 Januari

Mkeka, kahawa, Bi Thuweba. Safari hii kaufungua na kuufunga, kaufunga na kuufungua, macho kayafumba. Katikisa kikombe. Nikangoja.

Akasema: "Huu nitauchukua. Nimwambie mzee kwamba umejua?"

Nikasema mwambie.

Alasiri Mzee Hamed mwenyewe kampigia Nasir. Wanataka mikanda kwa kikundi kizima, harusi Ijumaa ya wiki ijayo. Nimekaa chini kwenye mabaki ya ngozi.

Alhamisi, 6 Februari

Mikanda imekwisha, imepakiwa. Siogopi rangi tena. Naogopa bunduki kupanda juu. Mkanda ukifunguka hewani kesho, si Nasir atakayeifunga karakana. Nitaifunga mimi.

Siwezi kula.

Ijumaa, 7 Februari

Jalan. Wanawake tulikuwa upande wetu, nyuma ya magari, tunaona vizuri. Ngoma zikaanza. Wanaume wakajipanga safu mbili, wanaitikiana mashairi. Mikanda yangu imezungushwa kwenye vitako, ya kahawia, imetulia. Nilizihesabu bunduki zote kwa macho. Hakuna iliyovuliwa mkanda.

Mzee Hamed akatoka katikati. Kovu nimeliona. Kitako kimefungwa waya pale kilipopasuka. Akacheza kidogo, akaitikisa bunduki, na mimi nikamshika mama mkono nikaubana mpaka akanipiga kofi dogo. Akairusha.

Ilipanda juu sana. Ikageuka. Mkanda haukufunguka hata kidogo. Ikashuka, akaidaka kwa mkono mmoja, akaendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Thuweba akaniinamia: "Mcheza kwao hutunzwa." Machozi yalikuwa yananitoka, ya raha, na pua pia. Nimepumua pumzi niliyoibana tangu Januari.

Nasir alipotukuta garini alikuwa na wali mdomoni. Kasema wakati anawasha gari, bila kunitazama, kwamba Samail ameshawajibu. Tangu juzi. Amewaambia hapana.

Juzi! Na kaniacha nisile siku nzima. Nimemchukia mpaka Al Kamil.

Jumatano, 12 Februari

Mvua kidogo alfajiri. Soko lilikuwa na watu wachache. Nimerudi mapema, nimeanza mikanda ya Sur.

Simu ikalia. Mzee Hamed. Si ya Nasir, yangu mimi. Nikajitayarisha kwa dua na salamu. Hakuna. Hakuuliza ulum, hakuuliza hali ya hewa.

"Binti, tundu la kifundo limelegea. Na uzi huu umeutoa wapi? Baba yako asingeutumia. Urekebishe kabla ya Idi."

Akakata.

Nimekaa na simu mkononi. Mama akauliza nani. Nikamwambia Mzee Hamed, kalalamika. Kahawa kanywa? Hajanywa. Hata tende.

Mama akafikiri kidogo. Akanimiminia mimi kikombe, akarudi kwenye kunde zake. Nikainywa, nikatafuta uzi mwingine.