Kiganja cha Mama Vumilia

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, Masisi yote ni matope, na mimi niko na furaha mpaka najicheka peke yangu.

Wiki mbili sasa navaa kaske kila mchana kujizoeza upasuaji wa mifupa: ile miwani minene inayofunika uso na kukuingiza katika chumba cha upasuaji ambacho hakipo. Unaona mgonjwa, mguu uliovunjika, mashine ya kutoboa mfupa. Unatoboa, unafunga vyuma. Ukimaliza na mashine, unafungua vidole tu, inarudi yenyewe mezani. Raha!

Aliyenicheka kuliko wote ni Mama Vumilia, anayenipa vyombo kwenye upasuaji. Ananitazama nikipapasa hewa, anauliza, "Dokta, unakamata inzi?"

Nakiri, nilikasirika. Nilidhani ananidharau.

Leo wameleta Papa Sadiki, mchungaji wa ng'ombe kutoka Kirolirwe. Risasi imemvunja muundi. Njia ya Goma imefungwa na vita, basi ni mimi ao hakuna muntu. Nikishindwa, mguu unakatwa. Mchungaji bila mguu atafuata ng'ombe na nini kwenye vilima vile?

Tulisali kama kawaida yetu. Papa alikuwa macho, ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, pazia likimzuia kuona mguu. Nikatoboa tundu la kwanza, safi kabisa, kama ndani ya kaske. Nikafungua vidole.

Mungu wangu! Mashine ikaporomoka.

Tunayo hiyo moja tu. Ingegusa sakafu, ingebidi kuisafisha upya kwa mvuke, na ganzi ingeisha kabla hatujamaliza. Lakini haikufika chini. Ilitua kwenye kiganja cha Mama Vumilia, kilichokuwa kinaingoja palepale.

"Wiki mbili nakuona unaachilia vitu mu hewa," alisema. "Nilijua na hii utaiachilia."

Nyuma ya pazia Papa akauliza, "Munacheza mupira huko? Muguu yangu iko?"

"Iko, Papa, iko!" Tulicheka wote, hata yeye.

Tukamaliza kufunga vyuma, na jioni Papa alichezesha vidole vyote vitano vya mguu ule, akaanza kutugombeza kwamba ng'ombe wanamungoja.

Nimemuomba Mama Vumilia msamaha kwa hasira yangu. Amesema maneno matupu hayataki. Kesho nikivaa kaske, atasimama mbele yangu, kiganja wazi, mpaka nijifunze kumpa muntu kitu mkononi.