Gauni la Bandi

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, na kabla hujauliza, mimi ni mzima, nakula, na paa la duka halivuji tena. Wewe je, mgongo umepoa? Uliniambia yule mzee wa chumba cha mwisho hapo kazini kwako anakataa kuinuliwa na mtu mwingine isipokuwa wewe. Huyo anajua anachofanya, lakini mwambie akuhurumie na wewe. Wasalimie wenzako wote wa zamu. Shangazi anakusalimu sana. Mama Vifungo naye anakusalimu. Bado yupo pale pale mbele ya duka na meza yake ya zipu na nyuzi, na mdomo wake uko vile vile ulivyouacha.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Si kwamba simu ni mbovu. Ni mimi ndiye siaminiki nikiwa nayo sikioni, maana nikibanwa kidogo tu nasema mtandao unakatika, halafu nakata mwenyewe. Umeshanisikia nikifanya hivyo mara mbili wiki hii.

Kwanza habari za mazishi ya Bibi, maana najua kukosa kuja kumekukaa rohoni. Hakuna aliyekulaumu, kila mtu anajua ni makaratasi ya kusafiria yaliyokuzuia. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine nikawatambua kwa nguo tu, nikasema lile koti ni mkono wa Babu, ile sketi ni ya Bibi. Mjomba alipewa dakika tano za kuzungumza, akazungumza nusu saa, na nusu ya sifa alizompa Bibi zilikuwa za Babu. Alisema Bibi alikuwa mtu mpole. Mama Vifungo akaguna kwa sauti mpaka watu wakageuka. Bibi mpole! Aliyemvua bwana harusi koti pale mlangoni, watu wanapiga honi nje, kwa sababu mkono mmoja umeuzidi mwenzake upana wa kucha. Akamwambia akae chini atulie, bibi harusi hana pa kukimbilia. Nilicheka pale msibani, dada, nikajifanya nakohoa.

Tulipotoka makaburini nilikuja kukaa dukani, mlango nimeurudishia. Kila kitu kipo. Meza ya kukatia ina lile bonde upande aliokuwa akiegemeza tumbo Babu. Cherehani ya Bibi iko dirishani. Unakumbuka tulivyokuwa tunalala mchana chini ya ile meza, juu ya mabaki ya vitambaa, tunasikia mkasi unavyokula kitambaa juu yetu? Wewe uliikimbia sindano mapema, ukasema utajishona kidole. Mimi nikabaki, nikaitwa fundi kabla sijajua kupiga kifungo.

Unakumbuka pia walivyogawana kazi. Babu alikata, Bibi alishona, na katikati yao kulikuwa na bandi. Hakuna nguo iliyofika kwenye cherehani kabla haijapigwa bandi kwa mkono, zile hatua kubwa kubwa za uzi mweupe za kushikiza tu. Mteja anavaa, anageuka, anainua mikono, Babu anatia chaki anapoona pamebana, ndipo Bibi ashone, halafu uzi mweupe uchomolewe. Mafundi wengine walishaacha zamani, wanasema ni kupoteza muda. Babu alikuwa akisema wanaoacha bandi ni watu wasiotaka kuambiwa wamekosea. Na neno kesho halikutamkwa humu ndani. Mteja alitajiwa siku na saa, karibu kila mara Alhamisi saa kumi, na ikifika saa kumi Babu yuko mlangoni na nguo kwenye henga. Ukichelewa wewe mteja, unasemwa wewe. Ndiyo maana Bibi alimwita Saa Kumi maisha yao yote. Hata siku tuliyomzika, Bibi alisimama pale juu ya udongo akamwambia haya, Saa Kumi, tangulia. Huwa nikikumbuka sauti ile natabasamu, halafu nashindwa kuendelea na ninachofanya.

Sasa nije kwenye gauni, maana ndilo linaloniandikisha barua hii.

Shangazi atakuwa ameshakuambia kwamba Bibi alizikwa na gauni la kitambaa chako cha buluu, kama ulivyoagiza. Atakuwa amekuambia pia kwamba kila aliyepita kumuaga alilisifia. Ni kweli. Wamama walinishika mikono, wakasema huyu ndiye mjukuu, amemvika bibi yake kwa mikono yake mwenyewe. Mjomba alinitaja katika ile nusu saa yake. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi.

Dada, Bibi hakuwahi kulivaa lile gauni akiwa hai. Harusi niliyokuandikia haikuwepo. Yaani harusi ilikuwepo, binti wa jirani aliolewa kweli, lakini Bibi alikwenda na gauni lake la kahawia la siku zote. Yale niliyokuambia, kwamba alizunguka kama msichana, kwamba watu walimuuliza fundi wake nani, niliyatunga nikiwa nimekaa hapa hapa kwenye kiti cha Babu. Uliponijibu kwamba umewasomea wenzako kazini na ukalia kwa furaha, nilifurahi na mimi kama mjinga. Ulipoomba picha nikasema kamera ya mpiga picha iliharibika. Basi usiisubiri tena ile picha. Haipo.

Kitambaa chako kilifika mwaka jana, nikampima Bibi siku ile ile na kukikata wiki ile ile. Hapo nilikuwa mtu mzuri. Halafu ikaja kazi ya sare za wahudumu wa hoteli, nikavifunga vipande vya gauni la Bibi katika bahasha ya kitambaa na kuvisukuma chini ya meza. Bibi akauliza, nikamwambia kesho. Baada ya wiki mbili akauliza tena, nikasema kesho. Mara ya tatu nikasema kesho nikiwa hata sijainua macho kutoka kwenye cherehani, na yeye amesimama mbele yangu. Hakuuliza tena. Mtu aliyeishi na Babu miaka yote ile, nikamwambia kesho mara tatu ndani ya duka la Babu.

Na unakumbuka siku ile uliyopiga simu ukasema nikupe Bibi uzungumze naye? Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisikia sauti yako ikimuuliza habari za gauni. Bibi alinitazama. Akakuambia limemkaa vizuri mabegani, mikono haimbani, na mkono wa mdogo wako unaujua. Yeye aliyekuwa hawezi kudanganya kuhusu pindo la shuka. Alinirudishia simu akaniuliza kama nimekula, basi. Mpaka anafariki hakunigusia jambo lile, na ningeomba anigombeze tu, anivue koti pale mlangoni watu wote waone.

Ungedhani baada ya hapo nilikimbia kulishona. Wapi. Kila nikiiona ile bahasha nilikuwa namuona Bibi na simu sikioni, kwa hiyo nikaisukuma kwa mguu mpaka ukutani. Nilikuwa nashona za watu wote, wanaonisumbua na wasionisumbua, isipokuwa hiyo.

Alilazwa siku mbili tu, hayo unayajua. Asubuhi ya mazishi Shangazi akaja mbio kusema umepiga simu, umeomba azikwe na gauni lako, na gauni liko wapi? Nikasema lipo dukani, nalipiga pasi nakuja. Nilikuwa na saa tatu. Gauni la vile, mimi nikiamua, ni kazi ya saa moja na nusu. Nikajifungia, nikavuta bahasha, nikaifungua.

Vipande vilikuwa vimeshashikana. Gauni zima, dada, kuanzia mabega mpaka pindo, mikono imepachikwa, shingo imegeuzwa, yote kwa bandi za uzi mweupe. Niliujua mkono, lakini bandi za Bibi zilikuwa zinanyooka kama zimepigiwa rula, na hizi zilikuwa zinapanda na kushuka, pengine zinakosa ukingo, zinarudi. Macho yake yalikuwa yameshaisha, na nilijua yameisha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namsomea majina kwenye simu yake.

Nikaweka uzi wa buluu kwenye cherehani. Ili nishone ilibidi nichomoe bandi kadiri ninavyokwenda. Nikachomoa hatua moja begani. Ya pili mkono ulikataa. Nilikaa pale na sindano imesimama hewani mpaka Shangazi akagonga mlango, nikapitisha pasi juu juu, nikampa, nikasema tayari. Usinipambie jambo hili kwa kusema ni mapenzi. Ningeifungua ile bahasha akiwa hai, nisingekuwa na cha kuchomoa kwa machozi. Bibi yetu amezikwa na nguo ambayo haijashonwa, na sifa nimekula mimi. Aliyeona ni Mama Vifungo peke yake. Alipoinama kumuaga aliuona uzi mweupe pale begani, akavuta shuka juu kidogo, akapita kimya. Yeye, kimya.

Alikuja siku ya tatu, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniambia ilikuwa ile wiki niliyorudi hotelini kuwapima wahudumu wapya sare, kama wiki tano kabla Bibi hajafariki. Asubuhi Bibi alimwita amtungie uzi kwenye sindano kumi, azichomeke kwenye mto, kwa sababu tundu halioni tena. Sindano zikiisha anamwita tena. Alifanya kazi siku nne, akiliweka gauni kwenye bahasha kila akisikia ninarudi. Mama Vifungo alimuuliza kwa nini asimwachie mjukuu kazi yake. Bibi akasema kwamba mimi nina kazi nyingi, labda nikikuta imeshashikizwa nitapata moyo wa kuimalizia. Na kwamba amepiga hatua kubwa makusudi, ili nikiziona zimepinda nizichomoe kirahisi bila kumlaani.

Kuna kitu sikuwahi kukuambia, kwa sababu sikukiona kuwa kitu. Zile wiki tano za mwisho, kila asubuhi nikiondoa komeo za mlango wa mbele, Bibi alikuwa ananiita kutoka chumbani kwake kule nyuma, ananiuliza, umefungua? Nami najibu, nimefungua, Bibi. Kila siku. Nilikuwa nasema moyoni, uzee huu, komeo anazisikia mwenyewe zinavyolia, anauliza nini. Wakati mwingine nilimjibu kwa kelele, kama mtu anayesumbuliwa.

Alikuwa anauliza bahasha.

Mama Vifungo ndiye aliyenieleza, bila kujua anachonieleza. Alisema siku moja alimuuliza Bibi kama mjukuu ameshaiona kazi yake. Bibi akamjibu kwamba mimi nimeshafungua, nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba nimefungua, ila sijasema kitu. Akasema labda bandi zake ni mbaya sana siku hizi na ninaona haya kumwambia. Akamuomba Mama Vifungo asiniulize, asije akanitia aibu.

Sikuombi unijibu haraka. Shangazi bado hajui, nitamwambia mwenyewe akija kuchukua vyombo vya Bibi, usinitangulie. Ukitaka kuwaambia wenzako kazini kwamba ile harusi ilikuwa uongo, waambie, mimi sina uso wa kukuzuia. Wasalimie hata hivyo, na yule mzee wa chumba cha mwisho umsalimie zaidi. Akikuuliza jambo mara mbili, dada yangu, muulize anamaanisha nini.

Ni mimi, mdogo wako.