Yah: Gari la Petroli, Gari la Dizeli na Mabega ya Wanachama

Kijijini Rugu,
Karagwe.

Fundi Anselmi,

Shikamoo. Natambua kwamba hakuna marahaba itakayorudi. Hata hivyo, katika maisha yetu yote sikuwahi kuanza kusema nawe pasipo shikamoo, na sioni sababu ya kukukosea adabu leo kwa kuwa tu umelala nyuma ya migomba yako.

Ni mimi, Deusi, katibu wa chama chetu cha machela, ambaye ulipenda kumwita Karani. Nimewaandikia watu wengi barua za maombi: za vibali, za mashamba, za uhamisho wa walimu. Hii ni ya kwanza kuiandika kwa niaba ya nafsi yangu, nami nimeichana mara tatu.

Jambo lenyewe unalifahamu. Chama kilipoazimia kununua gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali, badala ya kuwabeba kwenye engozi, ile machela yetu ya miti na kamba, tulionyeshwa magari mawili yaliyokwisha kutumika. La kwanza lilikuwa saluni ndefu nyeupe, ya petroli, yenye silinda sita. La pili lilikuwa pikapu ndogo ya dizeli, iliyobabuka rangi, yenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba ya katani. Wewe, kwa kuwa ulikuwa dereva na makanika wa miaka mingi, uliombwa uyakague. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na kalamu, niliombwa niandike mapendekezo.

Uliyakagua siku nzima. Ulilala chini ya hili na chini ya lile, ukayaendesha yote mawili hadi juu ya kilima na kurudi. Kisha ulitueleza kwa haki. Saluni, ulisema, hupanda mlima kwa gia ya tatu pasipo kulalamika, viti vyake humlaza mgonjwa kama yuko kitandani, na mngurumo wake humfanya hata mpiga jembe ajione waziri. Pikapu, asubuhi ya baridi, itataka kusukumwa. Mlimani itapitwa na mbuzi. Na aliyelazwa nyuma atalijua kila shimo la barabara kwa jina. Wanachama walicheka, wakadhani umekwisha kuchagua. Ndipo ukajifuta mikono, ukasema, "Gari la mgonjwa haliulizwi linakimbia kiasi gani. Linaulizwa kama lipo."

Ukatukumbusha kuwa petroli ilikuwa ikipatikana kwa kibali, na kwamba safari moja ya saluni ingekunywa mafuta ya safari tatu za pikapu. Ukashauri tununue pikapu, na engozi tusiiache. "Hapo tutakuwa na gari lenye injini mbili," ulisema. "Moja inakunywa dizeli, nyingine inakunywa rubisi. Ya kwanza ikizima, ya pili inawaka." Wabebaji walishangilia, maana hakuna aliyewahi kurudi kutoka hospitali na engozi tupu pasipo kukuta kibuyu cha pombe hiyo ya ndizi kinamsubiri.

Kisha nikasimama mimi. Nilisoma kurasa nne juu ya heshima ya chama na maendeleo ya kata, na namna ambavyo saluni ingetutambulisha mbele ya wenzetu wa Igurwa. Nikaongeza pendekezo ambalo hukulitarajia: kwamba, gari likishapatikana, kifungu cha nne cha katiba yetu kifutwe, kile kinachomtaka kila mwanaume mwenye nguvu kufika mara pembe ya kuwaita wabebaji inapolia. Nilikiita kifungu cha zama zilizopita. Walipiga makofi. Wewe ulingoja yaishe, ukasema, "Karani, umeandika vizuri sana. Sasa andika na petroli."

Leo nakiri sababu ambayo sikuiandika katika kurasa zile. Kifungu hicho kilikuwa na mwisho wake: isipokuwa katibu, ambaye hatabeba. Niliuweka mwenyewe, kwa hoja kwamba bega lililochoka huharibu mwandiko. Wabebaji walikuwa wakinong'ona juu yangu njiani nilipowafuata na mkoba wangu wa karatasi. Nilifahamu kwamba kifungu kizima kikifutwa, aibu yangu ingefutika nacho.

Chama kilinifuata mimi: saluni ikanunuliwa, kifungu kikafutwa. Sitaidhulumu saluni. Miezi ya kwanza ilifanya kazi njema, na mtoto wa Bi Leokadia aliyeumwa degedege yu hai kwa sababu yake. Kisha petroli ikaadimika. Niliandika maombi ya kibali, mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Gari likasimama kwenye banda, kuku wakalalia kiti cha nyuma, nawe ukawa unakwenda kusafisha betri kila Jumamosi, ingawa hukuwa umelitaka.

Ile asubuhi tumbo lilipokukaza, pembe ililia kama zamani. Walikuja watu wanne. Wanaohitajika ni wanane, ili wapokezane. Nilizunguka gulioni kuwatafuta wengine, nao hawakuwa wakorofi, waliniuliza tu, kwa mshangao, "Si kuna gari, Karani?" Na mmoja akanikumbusha kwa upole kwamba kifungu tulikwisha kukifuta. Engozi yenyewe ilikutwa darini, mti mmoja umeliwa na mchwa, ikabidi ukatwe mwingine. Tuliondoka jua likiwa utosini.

Njiani nilitembea kando yako na mkoba wangu. Nilikuwa nikitunga moyoni sentensi ya kukuomba radhi. Wewe ukafumbua macho, ukaniuliza, "Karani, tangi la saluni mmelifunika? Mvua ikinyesha maji yataingia." Nikajibu ndiyo. Halikuwa limefunikwa, Fundi. Nililifunika niliporudi.

Ulifariki siku ya pili. Daktari hakusema kwamba kuchelewa ndiko kulikokuondoa, nami sikumuuliza. Sikumuuliza kwa sababu...

Niruhusu niendelee na taarifa.

Saluni tumeibadilisha, na pikapu imekuja. Sura yake hairidhishi, lakini inakwenda. Katika mkutano wa kuipokea niliomba nafasi, nikasoma ukurasa mmoja. Nilieleza kwamba aliyeshauri saluni ni mimi, na aliyefuta kifungu cha nne ni mimi, tena kwa sababu isiyo ya heshima, nikaitaja. Niliomba kifungu kirudishwe pasipo neno "isipokuwa". Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Gervasi, kiongozi wa wabebaji, aliuliza tu kama najua kufunga ngata ya majani ya migomba begani. Nilisema sijui. Akasema, "Utajifunza ukishachubuka."

Na nimechubuka. Juma lililopita mvua ilikata barabara, pikapu ikashindwa kuvuka, na mke wa mwalimu alikuwa na uchungu wa kujifungua. Pembe ikalia. Tulifika kumi na mmoja. Nilishika mti wa mbele, upande wa kushoto. Penye utelezi nilipunguza mwendo, na Mzee Gervasi akanena kutoka nyuma, "Karani, hapa hakuna nukta ya kupumzikia. Tembea." Yule mama akacheka katikati ya maumivu yake. Amejifungua salama, mtoto wa kike.

Fundi, maneno ya kuomba radhi nimewaandikia watu wengi mno, na kila ninalolishika nalikuta limekwisha kutumika. Kwa hiyo sitaandika hata moja. Naahidi hivi: pembe ikilia nami nina uhai, nitafika, iwe natoka shambani au niko katikati ya sentensi, na sitaandika tena neno la kumwondolea mtu mzigo ambao mimi mwenyewe sijaubeba.

Mwandiko wa barua hii unayumba. Utanivumilia, bega bado halijapona.

Lala salama, Fundi wangu.

Deusi,
mbebaji, mti wa mbele, upande wa kushoto.