Vidonge Alivyoniletea Wifi

Shoga, uko wapi? Nimetoka kwa daktari wa macho sasa hivi, niko nje nacheka peke yangu kama chizi.

Si unajua nimemeza vile vidonge vya macho alivyoniletea wifi miezi mitatu, nikitamba kwamba sasa naona vizuri? Leo asubuhi, mimi fundi mzima, nimeshona mkono wa gauni la bibi harusi ndani nje! Mume wangu akanikokota hadi kwa daktari.

Daktari akauliza, "Unatumia dawa yoyote?" Nikatoa kopo kwa madaha. Akanivalisha miwani ya kujaribia, akanionyesha maandishi ya kopo lilelile. "Hebu nisomee hapa."

Nikasoma kwa sauti: "Huimarisha kucha na nywele."

KUCHA NA NYWELE, shoga! Miezi mitatu!

Nikauliza, na vya macho vyenyewe je? Akasema vinamfaa mwenye upungufu wa vitamini au magonjwa fulani ya macho. "Lako mama si upungufu, ni umri. Dawa yake miwani."

Umri! Mimi! Mume wangu kageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Nimechagua fremu nyekundu. Kama ni uzee, acha uonekane toka mbali.