Salamu Niliyompa Mjomba Angani

Mama yangu mpendwa,

U hali gani? Ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi umepoa? Na uwele wa mwaka huu, mmewahi kuuvuna kabla ya kweleakwelea kuumaliza? Mimi mwili ni mzima. Najua Dada Mariamu anayekusomea barua hii amekwisha kuitafuta shikamoo juu na chini na hajaiona. Usikasirike, Mama. Nimeiacha makusudi, na sababu utaisikia.

Unakumbuka Baba alivyojisifu kwenye mkutano wa kijiji, kwamba mwanawe huku Kenya anawaambia marubani "subiri" nao wanasubiri? Hakusema uongo, ila alisahau kuwaeleza kuwa bado najifunza.

Kazi yenyewe ni hivi. Tunakaa mnarani, kwenye uwanja ambapo watu wanafundishwa kurusha ndege ndogo. Kila ndege ina redio, na sote tunatumia njia moja. Mmoja akisema, mwingine hasikiki mpaka amalize. Kwa hiyo tunafundishwa maneno machache tu ya Kiingereza, hayana adabu wala matusi: tua, subiri, zunguka tena.

Mjomba Ntandu, mdogo wako, ndiye aliyeniombea nafasi hii alipokuwa fundi wa ndege hapa, kabla hajachaguliwa kusomea urubani. Siku ninayotaka kukusimulia alikuwa anaruka peke yake kwa mara ya kwanza, bila mkufunzi ubavuni. Nami ndimi niliyekuwa zamu. Ndege nyingine ya wanafunzi ilikuwa imetua muda mfupi kabla yake na ilikuwa haijatoka kwenye barabara ya kutulia ndege. Mjomba akaita redioni kwamba anakuja kutua. Mama, sauti ile! Ndiyo iliyonifundisha kuchunga, na tangu nizaliwe sijawahi kuijibu kabla ya kuiamkia. Nilitakiwa nimwambie azunguke tena. Nikajiuliza, nitamwamrishaje mjomba wangu kama ninayefukuza mbuzi?

Nikasema, "Shikamoo, Mjomba."

Naye, kwa malezi yenu ya Ikungi, hakuweza kuiacha salamu ikae hewani. "Marahaba, mwanangu. Umeamka salama? Hamjambo huko mnarani?"

"Hatujambo, Mjomba. Wewe je?"

Sisi tunaulizana hali, kumbe rubani wa ile ndege ya chini anapiga kelele kwamba tairi limepasuka na amekwama katikati ya barabara. Hakuna aliyemsikia, maana njia tulikuwa tumeikalia sisi. Wala sikumtazama. Macho yangu yalikuwa angani kwa Mjomba, nikijivunia ukoo. Mkufunzi wangu, aliyekuwa amegeuka kumimina chai, aliponinyang'anya kipaza sauti, Mjomba alikuwa amekwisha kugusa lami. Alikwepa, akaingia majanini. Gurudumu la mbele likavunjika, pangaboi, yale mapanga yanayozunguka mbele, likajikunja. Mwenyewe alitoka na uvimbe wa paji la uso tu, Mungu ashukuriwe.

Lakini hiyo siyo aibu yangu kubwa, Mama. Wakubwa walipotuita, Mjomba aliwahi kusema kabla yangu: "Mimi ndimi niliyeanza maongezi. Kijana alinijibu kwa adabu tu." Mkufunzi wangu ni mgeni, hajui Kiswahili, asingeweza kubisha. Nami niliviangalia viatu vyangu, nikamwacha ndugu wa mama yangu aubebe mzigo wangu.

Wakamwondoa kwenye urubani, wakamrudisha kwenye ufundi. Mtu aliyeingoja siku ile tangu ujana wake! Kila nilipomwona na ovaroli na spana nilitamani ardhi ipasuke inimeze, naye hakunilaumu hata kwa jicho. Mwisho nikaenda kwa mkuu wetu, nikasema yote.

Mjomba amerudishiwa ndege yake. Mimi nimetolewa mnarani, na mwezi ujao narudi nyumbani. Tafadhali mwambie Baba mapema, akiwa ameshiba. Asiwakusanye watu kunipokea. Wale walionisindikiza kwa ngoma sijui nitawatazama kwa macho gani. Nitashuka kwenye basi kama mtu yeyote, na kesho yake mtaniona na jembe kwenye shamba la kijiji.

Jana Mjomba aliruka tena peke yake. Nilisimama nje, kwenye uzio. Alitua vizuri sana, Mama, ungefurahi. Akashuka, akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akasimama. Sikujua kama nina haki ya kufungua mdomo.

"Sasa niamkie," akasema. "Hapa hatumzuii mtu."

Nikamwamkia. Akaniuliza habari za watu wote wa nyumbani, mmoja mmoja, mpaka ng'ombe. Nililia mbele yake kama mtoto.

Msalimie Baba, na Bibi aliyenilea, na shangazi yangu wa Utemini akija gulioni, na balozi wetu wa nyumba kumi. Dada Mariamu naye, mwambie asisome mlango ukiwa wazi, ingawa naona nimechelewa kusema.

Nimemaliza, Mama. Yaliyokuwa yanatakiwa kusemwa kwanza nimeyasema kwanza, na sasa nina nafasi.

Shikamoo, Mama.

Ni mimi mwanao,
Athumani