Mashine Iliyofungwa Ndani ya Shati

Wamaza, tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa Mama Estelle,

Nakusikiliza redioni, naomba msaada wako, maana watu wa nyumbani naona haya kuwaambia. Mume wangu Christophe, Baba Emmanuella, alikuwa anapaka rangi tangi za pikipiki, na alikuwa na ponceuse ya upepo, ile mashine ya mkononi inayozungusha msasa kwa nguvu ya kompresa huku ikidondosha maji, na tangi likitoka hapo alikuwa anasema hata nzi atateleza, na kila jioni kabla ya kula alitia matone mawili ya mafuta pale upepo unapoingilia, akaizungusha kidogo, ikamtemea madoa kwenye shati, na mimi nikamgombeza kwa sababu ya shati. Siku ya mwisho alirudi na homa, akaiweka mashine chini, akasema, "Kesho nitaitia mafuta." Hakurudi tena kazini. Wiki haikuisha tukamzika.

Ni miezi minne sasa. Mashine nimeifunga ndani ya shati lake, utope wa kijivu wa kazi yake sijaufuta, na msasa aliouweka yeye bado uko. Hervé, aliyekuwa anafanya naye kazi, alikuja kuniomba mashine hiyo.

"Mama Emmanuella, hii tangi nikiisugua na mikono, itaisha siku Yesu anarudi!"

"Basi umungojee na tangi yako."

Alicheka, akaenda. Sasa ameazima ponceuse ya umeme, anaitumia kwenye tangi lenye maji, na Alhamisi umeme ulimtupa chini, mkono ukafa ganzi hadi jioni, naye anasema ataendelea kwa kuwa wateja wanangoja. Ninaogopa. Lakini nikimpa ya Christophe ataiosha, na mimi nitabaki na nini?

Anastasie

Mama Anastasie,

Barua yako niliisoma mara mbili peke yangu kabla ya kuisoma redioni. Nakuhurumia, na bado nitakugombeza. Mashine yenye maji ndani, imefungwa kwenye shati, miezi minne? Mama, unaiozesha! Yeye alisema kesho ataitia mafuta. Hiyo kesho unaizuia wewe. Utope ule hakukuachia kama zawadi, homa ndiyo iliyomzuia kuufuta. Na Hervé akifa na umeme mkononi, mama yake utamwambia nini?

Ifungue leo. Msasa ule utoe, uuweke ndani ya Biblia yako. Huo hakuna anayeuhitaji isipokuwa wewe. Shati pia ni lako, usilifue kama hutaki. Mashine mpelekee Hervé kwa mikono yako, usitume mtu. Aifungue, atoe kutu, aitie mafuta kabla ya kuipa upepo, na afanye hivyo kila jioni baada ya kazi ya maji. Ile ya umeme airudishe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, nawe umwone akiirudisha. Halafu ukae kidogo hapo garaji. Mashine ikianza kulia, ukitaka kulia na wewe, ulie; hakuna atakayekuuliza.

Mimi pia nilimzika wangu, huu ni mwaka wa sita. Ukimtaja Christophe katika sala, unikumbuke na mimi.

Mama Estelle