Mtaalamu wa Enhe

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa idara amenikamata kwenye ngazi. Mhadhara wangu wa uprofesa umepangwa: Ijumaa ya wiki ijayo, mchana, ukumbi mkubwa. Ukumbi mkubwa! Mimi niliyezoea kile chumba cha chini chenye viti vilivyong'oka mikono. Nikamjibu hakuna shida, kana kwamba ananiambia kikao kimeahirishwa. Nilipofika ofisini nikafunga mlango, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Miaka thelathini! Mtu akiniuliza nachunguza nini, namwambia: enhe. Anadhani natania. Sitanii. Wenzangu wote walimkimbilia msemaji – sauti zake, sentensi zake, makosa yake. Anayesikiliza wakaniachia mimi. Ile "enhe", ile "mmh", ile "ala!", ile "kumbe!" – vijineno tunavyovitupia katikati ya maneno ya mwenzetu bila hata kufikiri. Viondoe uone kama mazungumzo hayajafa. Tuliwahi kumketisha fundi cherehani mbele ya mtu tuliyemwagiza asitoe sauti wala kutikisa kichwa. Fundi akaanza kusimulia alivyoibiwa mashine yake. Akapunguza mwendo. Akarudia. Akauliza, "Uko nami?" Mwishowe akainuka kwa hasira: yeye hakuja kuzungumza na ukuta. Nilimwomba radhi sana, lakini moyoni nilikuwa nashangilia.

Mke wangu amefurahi, anasema lazima ninunue viatu vipya. Jana chai ya asubuhi ilikuwa ndefu. Alikuwa na maneno mengi ya kazini kwake – ni mkunga, na wodi yao haikosi visa. Mimi nilikuwa natafuta sentensi ya kufungulia makala yangu. Nimeipata! Kinasa sauti kilikuwa mezani kama kila Jumapili. Mwenyewe alisharidhia zamani: nirekodi nitakavyo, ila akisema kata, nikate.

Jumatano, 5 Machi

Nataka kipande kimoja cha sauti cha kuanzia mhadhara. Msikilizaji mmoja bora, ukumbi mzima umsikie. Kazi nimempa mwanafunzi wangu wa uzamivu. Tunamwita Bi Sekunde kwa sababu anapima kila kitu, hata foleni ya chai.

Kazi yetu ina mtindo wake. Familia kadhaa, yangu ikiwemo, huturekodia mazungumzo ya nyumbani. Kila rekodi inapewa namba, basi. Kisha kompyuta inayafifisha maneno. Kinachobaki ni mlio tu, kama majirani wanaozungumza nyuma ya ukuta. Hujui wanasema nini. Unajua tu nani anasema na nani anaitikia. Hapo ndipo tunapima: enhe imeingia wapi, imewahi, imechelewa, imepanda, imeshuka. Siri za watu zinabaki kuwa zao, na sisi hatuchukuliwi na umbeya. Mtindo huu ni wangu. Vyuo vingine vimeuiga. Najivunia, kwa nini nisijivunie?

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amepiga simu. "Shemeji, hongera! Una moyo mkubwa. Miaka miwili si mchezo."

Miaka miwili ya nini?! Sikuuliza. Nilijitia najua. Nikamwekea enhe moja, iliyopanda kidogo mwishoni, akatiririka mwenyewe. Utaalamu una faida zake. Kumbe mke wangu amepata kazi ya kufundisha kwenye chuo cha wakunga, safari ya kutwa nzima kwa basi. Anaanza mwezi ujao. Kumbe aliniomba ruhusa. Kumbe nilimruhusu kwa roho moja, na amewaambia ndugu zake wote, na mama mkwe amelia kwa furaha kupata mkwe kama mimi.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Sanduku lililokuwa juu ya kabati liko chini, limepanguswa vumbi. Limekuwa chini tangu lini? Nimepita hapa kila siku.

Wakati wa chakula nikajaribu kumchimba. Nikamuuliza, "Maandalizi vipi?"

"Yapi?"

"Si hayo."

"Yanaendelea," akasema. "Si tulishazungumza?"

"Tulizungumza."

Akanitazama kidogo, akaendelea kula.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Sekunde aliingia ofisini bila kubisha, macho yanang'aa. Amempata! Tangu aanze kazi hii hajawahi kumpa mtu alama kamili. Leo ametoa.

Tukasikiliza. Sauti ya mwanamke, ndefu, yenye vituo. Sauti ya mwanamume chini yake. Enhe – haswa pale pa kuingilia. Mmh – ya upole, imeshuka vizuri. Mwanamke akinyamaza, mwanamume hamwachi aning'inie, anaipokea nafasi mara moja. Mwishoni mwanamke anacheka kidogo. "Huyu baba anajua kusikiliza," Bi Sekunde akasema. "Mimi nikipata mume wa hivi, Profesa, masomo naacha." Nikasema huyu ndiye. Nikasema tena, huyu ndiye! Nikamwomba afungue maneno, nihakikishe hakuna siri ya mtu kabla hatujapeleka ukumbini.

Akafungua. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, na sauti ya mke wangu.

Nilimtuma Bi Sekunde maktaba. Sijui hata nilimtuma nini. Nikasikiliza peke yangu.

"Ile nafasi ya chuoni nimeipata. Miaka miwili."

Enhe.

"Utabaki peke yako hapa. Nimeifikiria sana hiyo."

Mmh.

"Nimeitamani tangu watoto wako shule ya msingi. Lakini ukisema nisiende, siendi. Nasema kweli."

Enhe, enhe.

Ananyamaza. Ananisubiri. "Kama una neno, baba, liseme leo." Na mimi, kwa sauti laini ambayo sijui niliitoa wapi: "Sawa kabisa."

Halafu ndiyo anacheka. Maneno yalipofifishwa kicheko kile kilikuwa cha furaha, Bi Sekunde amekiwekea alama yake. Ukikisikia na maneno si furaha hata kidogo.

Sikumbuki neno hata moja. Nakumbuka sentensi ya makala.

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda darasani. Nimetafuta rekodi zetu nyingine za nyumbani. Ipo ile tuliyogombana kuhusu pa kuweka friji. Alama za chini kuliko zote! Namkatiza. Nasema ngoja, ngoja. Nasema nani kakwambia. Enhe zangu zinachelewa, nyingine zinamwangukia katikati ya neno. Kwa kipimo changu mimi mwenyewe, huyo ni msikilizaji mbovu. Lakini mazungumzo yale ninayo yote kichwani, hadi leo, hadi alivyoshika kiuno.

Basi nimepima nini miaka yote hii? Adabu. Nimepima adabu, nikaiita kusikiliza. Fundi cherehani angeridhika kabisa na mimi nikiwa nimelala macho wazi. Vyuo vimeniiga. Wanafunzi wamepata shahada. Na nilifurahi juzi tu kuitwa profesa. Naona aibu. Naiandika hivyo hivyo: naona aibu, na ninaogopa nyumba bila yeye.

Nimemwambia Bi Sekunde atafute kipande kingine. Akakasirika. "Kwa nini? Kina alama kamili! Au huyo baba amekataa kitumike?"

"Amekataa."

"Mwambie hakuna atakayemtambua."

Nikasema hilo ndilo tatizo lenyewe. Hakunielewa, akatoka amenuna.

Alhamisi, 13 Machi

Mhadhara kesho. Sijaandika upya hata mstari.

Leo mke wangu alirudi mchana kutoka zamu. Nikamfuata chumbani. Alikuwa anakunja sare zake, nyeupe zote, moja baada ya nyingine, anaziweka kwenye sanduku. Nikasema nina neno. Akasema nikae. Nikakataa kukaa. Nikasema: ile Jumapili, ya chuo, sikukusikia. Nilikuwa nakuitikia tu.

Aliendelea kukunja. "Najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Wewe ambaye unabishana nami hata rangi ya pazia! Ukubali miaka miwili bila kuuliza hata chuo kiko wapi? Nilijua kabla chai haijapoa."

Nikapandisha sauti. Sina haki, lakini nilipandisha. Kama alijua, kwa nini hakunitikisa? Kwa nini aliwaambia ndugu zake nimeridhia? Mpaka mama mkwe analia!

"Nilikuuliza, nikanyamaza, nikakuuliza tena," akasema. "Nikaona basi, na hilo nalo ni jibu. Nikalichukua." Hakusema kwa hasira. Bora angekasirika. Kisha akaweka sare chini, akanigeukia, mikono mitupu. "Haya. Leo uko hapa, nakuona. Nakuuliza upya na sitauliza tena. Niende, nisiende?"

Mwanamume mwenye shahada tatu. Nikasema, "Nipe dakika moja." Nikatoka. Nikaingia huku kwenye meza yangu, nikafungua daftari hili.

Sitaki aende. Hapa imetoka bila taabu yoyote. Sitaki aende, na nikimwambia hivyo atabaki, kwa sababu ni mtu wa neno lake, na atakunjua zile sare zote azirudishe kabatini, na kazi aliyoitamani tangu watoto wadogo itakwenda kwa mwingine. Nikimwambia nenda, nitakuwa nimesema tena kile kile cha Jumapili, safari hii nikiwa macho. Labda nimuulize kwanza atakachofundisha. Chumba atakachopewa kikoje. Sijui lolote! Labda nianzie hapo. Labda nimwambie yote mawili, kwamba sitaki na kwamba aende, kisha tugombane hadi jioni.

Nyayo zimetoka chumbani. Amesimama mlangoni kwangu. Anaitazama kalamu, anaona inavyokwenda, na mimi naandika kwamba anaitazama, badala ya